Naomba ushauri: pikipiki ya mkononi, kadi ina jina la mtu mwengine

Assalaam alaykum ndugu zangu, niko Chake Chake nataka kununua Boxer iliyotumika, chombo kizima na bei tumeshakubaliana ila pesa sijatoa. Tatizo ni kadi. Anoniuzia sie alieandikwa kwenye kadi, yeye aliinunua kwa mtu ambae sasa yuko Maskati na hawakubadilisha jina, walimalizana kwa maneno na kupeana kadi tu. Namba za chasis na injini nimezilinganisha na kadi zimekaa sawa.

Yeye anasema tuandikiane kwa sheha, mashahidi wawili, basi. Mie naona karatasi ya sheha inaonesha kama tumeuziana lakini jina halihami kwa hiyo, na ikitokea ajali au askari akanishika barabarani nitasema chombo changu vipi wakati kadi inasema cha mtu mwengine? Na yule wa Maskati pia hayuko salama, kesho chombo kikifanya kosa linatafutwa jina lake.

Sasa waliowahi kubadilisha jina hapa Pemba nisaidieni, huyu alioko Oman anaweza kumuandikia nduguye uwakala kwa wakili akasaini kwa niaba yake, au lazima aje mwenyewe? Na leseni ya barabara kama ina deni la nyuma, analipa nani, muuzaji au mnunuzi? Nataka nijue kabla sijatoa hata shilingi, maana pesa yenyewe ni ya karafuu za familia.