Beleshi la theluji: nichukue lipi, na "waranti ya maisha" ni maisha ya nani?

MgeniWaBaridi: Wakuu, niko Minneapolis, Marekani. Njia ya gari ni lami, njia ya miguu mbele ya nyumba ni saruji yenye maungio. Dukani kuna la plastiki inchi 18, la aluminiamu, na pana la kusukuma inchi 30. Moja limebandikwa "waranti ya maisha, yenye mipaka". Nichukue lipi?

MpiniMrefu: Chukua mawili, mkuu: la kunyanyua inchi 18, la kusukuma 24. Lile la 30 linafaa lami laini tu. Kwenye maungio linakwama na mpini unakuchoma tumboni. Bapa (ile sehemu pana ya kubebea theluji) la inchi 18 likijaa hubeba kama lita 25. Theluji kavu hiyo ni kilo 2 hivi, mbichi ya Machi inapita 7. Zidisha kwa mara mia mbili utakazonyanyua uone mgongo utasemaje. Ukilisimamisha, mpini ufike kifuani.

FundiRibiti: Bei achana nayo kwanza, geuza beleshi uangalie mpini unapoingia kwenye bapa. Skrubu moja hulegea, tundu linapanuka, na plastiki ikipigwa na baridi kali inapasuka hapohapo. Tafuta mbili au boliti inayopenya upande wa pili. Ukanda wa chuma kwenye makali nao ukishikwa kwa ribiti, siku ukijikwaa kwenye ungio la saruji unang'oka na haurudi. Wa skrubu unabadilishika. Aluminiamu haipasuki, ila kona hujikunja. Theluji ikinata, pulizia silikoni kwenye bapa kavu. Barafu ina chuma chake cha kuparua, usiipige kwa beleshi.

SomaMaandishiMadogo: Hiyo ya barafu ndiyo inayoua waranti: wanaita matumizi mabaya. Ukanda wa makali nao kwa kawaida huhesabiwa uchakavu, haulipwi. Ukisafishia watu kwa malipo, hiyo ni biashara, umetoka tena nje ya waranti.

Sheria ya Marekani ya 1975, Magnuson-Moss, inataka waranti ya maandishi kwa kitu cha zaidi ya dola 10 iseme kama ni kamili au ina mipaka. Kikizidi dola 15, una haki ya kuisoma kabla ya kulipa, na "maisha" lazima yaelezwe humo. Kamili wanatengeneza bure. Ya mipaka inaweza kukutwisha gharama ya kulituma, na kuposti kitu kirefu hivyo karibu unanunua jipya. Risiti ya dukani hufifia: ipige picha leo, pamoja na stika ya mpini kabla haijabanduka.

MgeniWaBaridi: Shukrani. Na mji unanipa muda gani wa kuondoa theluji?

MpiniMrefu: Nyumba ya familia moja au mbili, saa 24 tangu theluji ikome. Ghorofa za kupanga, muda wa saa 4 za mchana. Wanahesabu njia ya miguu, siyo ya gari, kwa hiyo anza na saruji.