Niko Ujiji, naanza shahada ya baiolojia Oktoba: nipangeje miaka 3?

Dogo_wa_Ujiji
Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita PCB: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Nimechaguliwa shahada ya sayansi katika baiolojia, miaka 3, chuo kiko Dar. Nina wiki 8 kabla ya kufungua. Naomba mwongozo: (1) Kozi za hiari nichague zipi? (2) Kemia inanitisha, nikiiachia ipite na C tu ina shida? (3) Fildi naweza kurudi kufanyia Kigoma? Napenda sana mambo ya ziwa.

Hadubini
Marahaba mdogo wangu, hongera. Naanza na swali la pili maana ndilo litakaloamua mengine.

Krediti 1 ni saa 10 za kazi, na hapo unahesabu darasa, maabara na kujisomea. Mwaka ni krediti 120, shahada nzima 360. Kwa hiyo semista ya krediti 60 ni saa 600. Gawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki. Anayesoma wiki ya mtihani tu hawezi kuzifidia hata akikesha.

Sasa GPA, yaani wastani wa pointi zako. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila pointi inazidishwa kwa krediti za kozi yake. Chukua mfano wa kozi nne tu za semista:

Kemia, krediti 12, C = 24
Baiolojia ya seli, krediti 12, B+ = 48
Takwimu, krediti 8, A = 40
Stadi za mawasiliano, krediti 8, A = 40

Jumla 152 gawa kwa 40 = 3.8. Hiyo ni daraja la pili la juu. Badilisha Kemia peke yake iwe B+: jumla inakuwa 176, GPA 4.4, umeingia daraja la kwanza. Ndiyo maana "nipite tu na C" ni ghali. Tena wengi wanapata sup (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza kwenye kemia na takwimu, siyo kwenye baiolojia yenyewe, kwa sababu walikuja na akili ya "mimi ni mtu wa baiolojia".

Mama_Maabara
Naongezea kwa Hadubini. Mwanangu, hizo wiki 8 usianze kukariri vitabu vya chuo. Rudia mambo matatu ya kidato cha sita: moli na molari (moli kwa lita), pH na bafa (myeyusho unaozuia pH kubadilika), na kupunguza ukali wa myeyusho. Hayo utakutana nayo karibu kila praktikali.

Jaribu hili sasa hivi: unatakiwa kutengeneza mililita 250 za myeyusho wa chumvi (NaCl) wa molari 0.5. Uzito wa moli moja ni gramu 58.44. Utapima gramu ngapi?

Dogo_wa_Ujiji
Mama, napata gramu 29.22.

Mama_Maabara
Hiyo ni ya lita nzima. Zidisha kwa 0.25, maana mililita 250 ni robo lita: gramu 7.305, kwenye mizani ya desimali mbili pima 7.31.

Kosa la pili liko kwenye maji. Usimwage mililita 250 za maji juu ya chumvi. Yeyusha kwanza kwenye bika kwa maji kama mililita 150, hamishia kwenye chupa ya kipimo, suuza bika na maji hayo yaingie humo humo, ndipo ujaze taratibu hadi kwenye mstari wa 250. Ukipitisha mstari, anza upya. Kupunguza kwa kunyonya na pipeti hakurekebishi, kwa sababu unatoa na chumvi pia.

Kwenye hadubini anza na lenzi ya kukuza mara 4, kisha 10, ndipo 40. Ukishafika 40 usiguse skrubu kubwa ya kulenga, tumia ndogo tu. Lenzi ya 40 inakaa karibu sana na kioo, na hapo ndipo vioo vinapasuka.

Mtumbwi wa Kibirizi
Swali la 1 na la 3 yanakwenda pamoja. Mwaka wa kwanza hiari ni chache, kwa hiyo tulia. Mwaka wa pili, kwa mtu wa ziwa, chukua ikolojia ya maji, biolojia ya samaki na takwimu ya pili kama ipo. Kama moyo uko kwenye vijidudu, chukua mikrobiolojia na baiolojia ya molekuli. Kuokota kozi nyepesi za kupandisha GPA bila mwelekeo, mimi naipinga kabisa: mwaka wa tatu unafika kwenye mradi huna msingi wowote.

Jambo moja ulijue mapema. Shahada hii haikupi usajili wa kufanya kazi maabara ya hospitali, hiyo ni shahada ya sayansi ya maabara za afya. Ukitaka ualimu baadaye, utaongeza stashahada ya uzamili ya elimu.

Fildi Kigoma inawezekana. TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) wana kituo hapa. Hifadhi ya Gombe, alikoanza kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960, ni karibu, ila kukusanya data zako ndani ya hifadhi kunahitaji kibali, usikitegemee cha dakika za mwisho. Peleka barua ya chuo Januari au Februari, siyo Juni.

Na mradi hauhitaji kwenda mbali. Linganisha bakteria kwenye dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja. Gramu 10 ndani ya mililita 90 za maji yaliyouliwa vijidudu kwa otoklevu (chungu cha mvuke wenye shinikizo), kisha mililita 1 ndani ya 9, rudia, otesha kwenye sahani, na uhesabu zile zenye makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota) 30 hadi 300 tu. Angalia mtego huu: sampuli 10 kutoka chanja moja ni chanja moja. Chukua kwenye chanja 10 tofauti, la sivyo takwimu zako hazina maana. Na usiandike "dagaa" peke yake. Ziwani wako wawili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, watenganishe kabla ya kupima.

Mninga_Tabora
Ukipewa kazi ya kukusanya mimea: ibane kwenye magazeti na ubadilishe magazeti kila siku kwa siku 3 za mwanzo, hasa masika, vinginevyo inaota ukungu na majani yanakuwa meusi. Tarehe, mahali na rangi ya ua viandikwe palepale porini. Rangi inapotea mmea ukikauka.

Dogo_wa_Ujiji
Asanteni sana. Koti la maabara nishonee huku au ninunue Dar?

Mama_Maabara
Shonesha huku, fundi wa Mwanga anaweza. Kitambaa kiwe pamba, mikono mirefu, urefu hadi magotini. Nailoni ikate kabisa: ikishika moto wa bansa (kichomeo cha gesi cha maabara) inayeyukia kwenye ngozi.