Nina milioni mbili, nipo Dodoma, nataka kuingia kwenye mawe ya vito. Nianzie wapi?

binti_ihumwa:
Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma mjini, nimemaliza diploma ya uhasibu ajira hakuna, nina kamtaji kama milioni 2 hivi na moyo wangu wote upo kwenye vito. Kuna jamaa ananishawishi twende Winza kule Mpwapwa tununue rubi kwa wachimbaji tukauze Arusha, mwingine ananiambia nikasome kwanza. Walio kwenye hii biashara naombeni mwongozo, na je leseni ni lazima?

broka_wa_zamani:
Mdogo wangu hiyo hela usiipeleke Winza saa hizi. Winza ilivuma 2008 watu wakamiminika toka kila kona mpaka Wathai wakaja, na rubi yake kweli ni nzuri, nyingine inauzwa bila hata kuchomwa moto ili kuboresha rangi. Ila mgeni anauziwa mawe mengine kama garneti au spineli anaambiwa rubi, zote nyekundu, kwa macho hutoki. Tafuta daikroskopu, kidude kidogo cha kuchungulia rangi za jiwe, kinakaa mfukoni. Rubi inakuonesha rangi mbili, moja nyekundu ya kuelekea zambarau nyingine ya kuelekea machungwa, wakati garneti, spineli na vioo vinabaki na rangi moja tu. Ligeuze jiwe pande kadhaa maana kuna upande ambao hata rubi inaonesha rangi moja.

Halafu rafu, yaani jiwe ghafi ambalo halijakatwa, tunanunua kwa gramu, likishakatwa linauzwa kwa karati. Gramu 1 ni karati 5, hapo ndo wengi wanapiga hesabu za utajiri wanasahau kwamba kwenye kukata mara nyingi unabaki na theluthi au chini ya hapo, na kama ndani kuna ufa ndo kabisa. Lipia jiwe litakalobaki, sio hilo uliloshika mkononi.

fundi_mawe_Dom:
Nakubaliana na mkuu hapo juu ila mimi ningesema dada ajifunze KUKATA, udalali peke yake una watu wengi mno. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia cha serikali (TGC), wanafundisha kutambua mawe na kukata. Ukirudi huku tunayo krisoprasi ya Haneti, lile jiwe la kijani, kijani chake kinatokana na nikeli. Hilo unalikata kaboshoni, juu mviringo chini bapa, halihitaji mahesabu ya pembe kama rubi na ukiharibu kipande hulii sana. Maji yawe ya kutosha kwenye mashine maana joto linalipausha. Mpelekee sonara akutilie kwenye pete ya fedha 925, tayari una bidhaa. Tena mrabaha, yaani malipo ya serikali kwenye madini, wa rafu ni asilimia 6, jiwe lililokatwa na kung'arishwa ni asilimia 1. Inaniuma sana kuona mawe yetu yanaondoka rafu wakati vijana wapo tu mtaani.

Mama Vito:
Leseni ni lazima mwanangu, bila hiyo ukikamatwa na mawe unayakosa na kesi juu. Anza na ya broka, hiyo ni ya Watanzania tu, unanunua kwa mchimbaji unamuuzia dila, yule mfanyabiashara mkubwa wa mawe. Kupeleka nje ni kazi ya dila. Tume ya Madini makao makuu yapo hapo hapo Dodoma, nenda ukaulize ada ya sasa mwenyewe usitume mtu. Na mauzo fanyia sokoni, masoko ya madini yapo tangu 2019, usikubali biashara za gesti.

binti_ihumwa:
Asanteni sana, shikamoo mama. Kwa hiyo Winza naacha kabisa au naweza kwenda kuangalia tu?

broka_wa_zamani:
Nenda ila hela iache nyumbani. Beba daikroskopu, lupu (lenzi ya kukuzia) ya mara 10 na daftari, kaa na wachimbaji, omba kushika kila jiwe, andika bei wanayotaja asubuhi na ile wanayouzia jioni. Na siku ukianza kununua usinunue rubi usiku kwenye taa ya njano, pale kila jekundu linapendeza. Mwambie mwenye mali mtoke nje kwenye mwanga wa mchana, akikataa achana nae.