Sungura Chinchilla, New Zealand au Flemish: nianze na yupi hapa Moshi?

Mgeni wa Pasua
Wakuu, habari za majukumu. Nina banda la mabanzi hapa Pasua, vizimba sita, na hela iliyobaki inatosha dume mmoja na majike wawili. Kuna jamaa ananiuzia American Chinchilla, anasema ni mbegu adimu, bei karibu mara mbili ya New Zealand White, wale weupe. Mke wangu naye kamganda Flemish Giant aliyemwona Nane Nane kule viwanja vya Themi, Arusha. Nataka nyama ya kuuza, na mbegu kidogo. Nianze na yupi?

Mama Vizimba, Ngaramtoni
Flemish mwachie wifi amtazame hukohuko Nane Nane. Nimewafuga miaka miwili. Ni kweli anavuka kilo 6, ila anajenga mifupa kwanza, nyama inakuja baadaye, na wakati wote huo anakula. New Zealand wa jirani walikuwa wameshaingia sufuriani, wangu bado warefu kama ngazi. Halafu uzito ule juu ya waya! Manyoya ya kisigino yanaisha, ngozi inapasuka, kidonda. Nilipoweka kipande cha ubao kila kizimba ndipo wakapona. Jike wa New Zealand miezi sita anakwenda kwa dume. Wa Flemish nilikuwa nasubiri mpaka minane, tisa.

Chukua weupe, mdogo wangu.

Mangi wa Kibosho
Kabla ya mbegu, tuambie paa lako. Pasua si Kibosho. Sungura hatoi jasho, joto analitoa zaidi kwenye masikio, na dume akikaa siku kadhaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 mbegu zake za kiume zinakufa nguvu. Atapanda vizuri tu, jike hashiki, na wewe utamlaumu jike. Inaweza kupita miezi miwili ndipo akae sawa. Bati tupu la Januari linachoma. Tandika majani makavu ya migomba juu yake.

Na siafu. Masika moja nilikuta manyoya matupu kwenye kiota, vitoto saba vimekwisha usiku mmoja. Siku hizi kila mguu wa banda umesimama kwenye kopo la oili chafu.

Daftari, Usa River
Nimtetee Chinchilla kidogo, maana ndiye ninayemfuga. Asili yake ni Ufaransa, alionyeshwa mara ya kwanza 1913, akafika Marekani 1919, na huko wakamkuza mpaka akawa huyu wa kilo 4 hadi 5 na ushee. Kwa mwili hana tofauti kubwa na New Zealand. Alipendwa kwa ngozi. Biashara ya manyoya ilipoanguka, wafugaji wakamtupa. Leo yumo kwenye orodha ya mifugo iliyo hatarini ya The Livestock Conservancy, shirika la Marekani la kuhifadhi mifugo adimu. Kwa hiyo jamaa hakudanganyi kuhusu uadimu. Swali ni kama alichonacho ni Chinchilla.

Kijivu peke yake si ushahidi. Mshike sungura mapajani, puliza manyoya ya ubavuni kwa nguvu mpaka yafunguke kama ua. Chini kabisa uone rangi ya slati, yaani kijivu kilichokolea, kisha pete nyeupe ya lulu, kisha utepe mwembamba mweusi, halafu weupe wenye ncha nyeusi. Ukikuta kijivu kimoja toka ngozini hadi nchani, huyo ni kijivu tu. Ukikuta pete ya katikati ina rangi ya chai ya maziwa, kuna kahawia kwenye ukoo.

Na hata pete zikitimia, uliza wazazi. Katika kurithi, rangi ya Chinchilla inaushinda weupe, kwa hiyo dume aliyechanganywa na New Zealand anaweza kupita kipimo cha kupuliza, kisha wajukuu weupe wakakuumbua.

Mama Vizimba, Ngaramtoni
Yote sawa, Daftari, lakini mnunuzi wa soko la Kilombero, Arusha, hapulizi manyoya. Anamnyanyua mgongoni, anapima kwa mkono, anataja bei.

Daftari, Usa River
Hapo sikupingi, dada. Kwa nyama tupu asilipe bei mara mbili. Akitaka mbegu ndipo Chinchilla ana maana, na hata hapo asinunue watatu wa tumbo moja. Nilifanya hivyo. Kizazi cha tatu jike alizaa wanne badala ya wanane, wawili meno yamepishana hawawezi kutafuna. Tangu hapo kila sungura ana namba sikioni na ukurasa wake, na dume nabadilishana na mwenzangu.

Mangi wa Kibosho
Ndiyo maana tunamwita Daftari.

Mgeni wa Pasua
Wakuu, jana nilikwenda. Dume alitoka kwa mfugaji mwingine, nimepuliza, pete zote zipo, na wazazi wake nimeonyeshwa kwenye simu. Majike ni dada wa tumbo moja, wote chai ya maziwa. Jamaa akasema ni vumbi la banda. Nikampulizia tena mbele yake, akanyamaza, akaanza kushusha bei.

Nimerudi na dume peke yake, na njiani nikachukua majike wawili weupe kwa ajili ya nyama. Migomba nimeshatandika. Daftari, una jike wa kuniuzia, asiye wa ukoo mmoja na huyu?