Naomba ushauri: kumbukumbu za chama chetu zikae kwa kampuni ya nje?

Ndugu zangu, chama chetu cha wakulima wa zabibu hapa Hombolo, Dodoma, kinataka kuhamishia kumbukumbu za wanachama na malipo yao kwenye huduma ya kampuni ya Marekani, nami nimeagizwa kuandika mapendekezo. Nasita, kwa sababu mwaka 2019, Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo vya biashara, Google iliacha kuzipa simu mpya za Huawei huduma zake. Na mwaka 2010 kampuni za malipo za Marekani, Visa, Mastercard na PayPal, zilizuia michango ya WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, bila amri yoyote ya mahakama. Sisi ni wadogo mno kulengwa, lakini aliyenunua simu ya Huawei naye hakulengwa, ila aliathirika. Je, tudai kipengele gani katika mkataba, na nakala ya pili tuihifadhi wapi?