Mrejesho: kusoma mawazo jukwaani

Niliomba ushauri kwa kuwa michezo yangu ya kusoma mawazo ilikuwa ikifaulu, ilhali watazamaji walibaki baridi. Ahsanteni nyote, hasa aliyesema nipunguze michezo na niongeze ukimya. Katika hafla moja ya Tononoka, mtaa wa Mombasa, nilimwomba mama mmoja aandike jina la mwalimu wake wa kwanza na kuikunja karatasi. Badala ya kulitaja papo hapo kama nilivyozoea, nilianza na herufi ya katikati, nikakosea iliyofuata kwa makusudi, nikajirekebisha taratibu, na nilipolitamka jina zima ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Aliyenielekeza kwa Joseph Dunninger, msanii wa kusoma mawazo aliyevuma redioni Marekani miaka ya 1940, alinifaa sana: redioni mkono hauonekani, hivyo mzigo wote hubebwa na sauti na maneno, nami sasa naandika na kukariri kila sentensi.

Swali la kama natumia majini, yaani mapepo, halikwepeki hapa Mombasa. Mimi hutangaza mapema kwamba hii ni burudani ya mazoezi, si uganga, ingawa bibi mmoja bado alikataa kunipa mkono.