Binti yangu anachechemea mguu wa kushoto: nisubiri au nimpeleke hospitali?

mama_mbagala: Wakuu habari zenu. Binti yangu ana mwaka 1 na miezi 2, ameanza kutembea juzijuzi tu. Akitembea anayumbia kushoto kama bata. Halii, hata ukimbonyeza haumwi. Mama mkwe anasema tumkande maji ya moto. Zahanati waliangalia magoti, wakasema matege, tukapewa vitamini. Ila tangu akiwa mchanga kumvalisha pampasi ilikuwa kazi, paja la kushoto halitanuki. Naombeni ushauri.

mzee_wa_tandika: Usiwe na presha, atanyooka mwenyewe. Wa kwangu alichechemea hivyohivyo, leo anakimbiza kuku.

nesi_mstaafu: Mdogo wangu, usisubiri. Alitanguliza matako wakati wa kuzaliwa? Mlaze chali, mkunje magoti, nyayo zikae sawa kitandani. Kisha inama utazame magoti kwa usawa wa macho.

mama_mbagala: Ndiyo, alitanguliza matako, nikapasuliwa. Nimemlaza sasa hivi. Goti la kushoto liko chini, mikunjo ya mapaja nayo hailingani. Jamani!

nesi_mstaafu: Basi akapigwe eksirei ya nyonga, si ya goti. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kitulie ndani ya kikombe cha nyonga; kikombe kikiwa hakina kina cha kutosha, kichwa kinachomoka. Utotoni haiumi, ndiyo maana watu wanapuuza. Angekuwa chini ya miezi 6, huenda mikanda ya kushikilia miguu imetanuka tu ingetosha. Umri huu mara nyingi wanamlaza usingizi, daktari anairudisha nyonga, kisha plasta ngumu. Akizidi mwaka na nusu, mara nyingi ni kisu. Msimvute mguu! Omba rufaa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya CCBRT Msasani.

mama_pacha: Wangu alikaa na plasta miezi 3, kifuani hadi miguuni, tena Januari, joto la Dar mnalijua. Pampasi ndogo chomeka ndani ya plasta, kubwa vaa kwa juu. Kwenye bajaji alilala mapajani miguu imetanuka, abiria wa pili hana pa kukaa. Na wakikwambia ni mbeleko, isisingiziwe: mgongoni miguu inatanuka, ni nzuri kwa nyonga. Kibaya ni kumviringisha mtoto mchanga miguu imenyooka na kubanwa.

mzee_wa_tandika: Nimefuta kauli. Mpeleke.

mama_mbagala: Asanteni sana. Kesho alfajiri naenda kufuata rufaa. Mama mkwe yuko jikoni, anachemsha maji.